Wifi Yangu na Kiyoyozi cha Mama

Mimi nina mdomo. Huniambii jipya. Nasuka nywele za watu tangu asubuhi mpaka jua linazama, na anayekaa kwenye kiti changu huondoka na vitu viwili: nywele na habari. Kwa hiyo kaka yangu alipoamua kumtesa mke wake, tena ndani ya nyumba ya mama yetu, alipaswa kukumbuka dada yake anafanya kazi gani. Hakukumbuka. Shauri yake.

Huyo mke wake ni wifi yangu, na sisi mawifi tunajulikana. Watu hutegemea tununiane jikoni na tusengenyane sebuleni. Alipoolewa, nami nilijiandaa vizuri kabisa, nikaenda kumsalimia huku maneno yangu yamejaa mdomoni. Hata sijakaa, nikamwona amepiga goti nyuma yangu, pini kazibana kwenye midomo, anatengeneza pindo la gauni langu. Lilikuwa limefumuka na mimi nimetembea nalo mtaa mzima bila kujua.

"Simama wima, wifi," alisema kwa pembe ya mdomo.

Nikasimama wima. Ugomvi wetu uliishia hapo.

Ni mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni kwa mama, chini ya dirisha, na sakafu pale haikosi vipande vya vitambaa hata aifagie vipi. Hana maneno mengi. Ukimsemesha akiwa na pini mdomoni, anakujibu kwa nyusi. Ukimuudhi, anaongeza pini. Nimeona wateja wasumbufu wakimtazama anaongeza pini moja baada ya nyingine, mpaka wanaomba samahani wenyewe na kukubali gauni lilivyo.

Kaka yangu ni fundi wa viyoyozi. Mafundi wenzake humwita Baridi, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na baba. Ana karakana kando ya barabara kubwa, ana gari la kubebea ngazi, na mafundi karibu wote wa hapa wamejifunzia kwake. Lakini zamani, alipokuwa hana gari wala karakana, aliyemshikia ngazi ni wifi. Aliyekuwa akisugua machujio ya viyoyozi vya watu kwenye beseni pale uani ni wifi. Na kuna jambo jingine ambalo nawaomba mlishike, kwa sababu tutalirudia. Ovaroli za kaka zilikuwa za bluu. Zikichakaa, mama alikaa na mkasi akizikata vipande vya kufutia mashine, na wifi akavipiga pindo pande zote kwa uzi wa rangi ya chungwa, ili nyuzi zisichomoke zikanasa ndani ya mashine za watu. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa na matambara yaliyopigwa pindo. Wenzake walimcheka, naye akawajibu, "Nyie wake zenu hawawapendi." Vitambaa vile vilijaa kikapu kizima.

Basi, huyo huyo akapata mwanamke mwingine, akampangia nyumba, na siku moja akaja kutangaza kwamba anahama. Wifi hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akakusanya viatu vyote vya kaka, akavibeba mpaka barabarani, akaanza kuvirusha kimoja kimoja kwenye lile gari, mafundi wenzake wakiwa wamekaa nyuma ya gari wanatazama. Kimoja kilimpata mgongoni. Nilikuwepo. Kilimpata sawasawa.

Kaka alitaka amchukue na mama.

"Nyumba hii alijenga baba yako," mama akamwambia. "Anayetoka ni wewe."

Kabla ya kuondoka, kaka alichukua ngazi akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa chumba cha mama. Wifi alimwona kupitia dirisha la jikoni akipanda. Tulidhani anakagua kiyoyozi mara ya mwisho, maana mama ni mama yake, hata kama yeye mwenyewe ana moyo wa mbao. Aliposhuka alisimama mlangoni, akafuta mikono, akasema, "Joto likiwabana, karakana mnaijua ilipo."

Mama ana pumu. Tena si pumu ya kukohoa kidogo na kupona; ni ile ya kumkalisha kitandani huku mabega yanapanda na kushuka, na wewe uliyemshika unahesabu pumzi zake kana kwamba ni zako. Dirisha la chumba chake linatazama kwa jirani seremala. Ukilifungua, vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye mashuka. Ukilifunga, chumba kinakuwa tanuri. Ndiyo maana kaka mwenyewe, enzi za utu wake, alimfungia mama kile kiyoyozi, na kwa miaka mingi mama alilala vizuri.

Haukupita muda mrefu tangu kaka ahame, kiyoyozi kikaanza kutapika maji. Hayakupita nyuma yanakopita siku zote. Yalishuka ndani, ukutani, yakaingia kwenye godoro la mama. Kisha kukaja harufu, ile ya nguo zilizosahauliwa mbichi kwenye ndoo. Halafu madoadoa meusi yakatokea kwenye matundu ya kutolea hewa, na kila tukikiwasha mama anakohoa. Tukikizima, mama anakosa hewa kwa joto. Tukifungua dirisha, vumbi la seremala. Tukawa hatuna pa kumweka.

Wifi alimwita fundi. Akaja, akasimama mlangoni, akakitazama kiyoyozi, akatazama chini.

"Shemeji, hii si mashine ya Baridi?"

"Ni ya mama."

"Lakini alifunga Baridi. Sisi hatugusi mashine ya mwenzetu mpaka atoe ruhusa. Ndiyo desturi ya kazi."

"Basi omba ruhusa."

Akajikuna shingo. "Nimeshapigiwa simu, shemeji. Wote tumepigiwa."

Akaja wa pili, naye hivyo hivyo. Wa tatu alitoka upande wa pili wa mji, nikadhani huyu hajui lolote. Akafungua mkoba wake, akauliza nyumba hii ni ya nani, akaufunga mkoba wake. Haki ya Mungu, nilitaka kumfungia naye ndani ya huo mkoba.

Nikaenda karakana mwenyewe. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, wenzake wamemzunguka, wanakunywa soda.

"Kaka, mama anakohoa."

"Nimesikia."

"Umesikia na umekaa?"

Akaweka chupa chini polepole, kwa maringo, ili kila mtu amwone. "Mwambie huyo wifi yako aje. Aje hapa hapa, mbele ya hawa alionidhalilisha mbele yao, apige magoti, aniombe radhi kwa vile viatu. Akimaliza, nakuja na ngazi siku hiyo hiyo."

"Anayeumwa ni mama, siyo wifi."

"Kwa mama mlango wangu uko wazi. Amekataa mwenyewe."

"Kaka," nikamwambia, "utakiona cha mtema kuni."

"Nitakionea wapi, kwenye mabeseni yako ya kuoshea nywele?"

Wakacheka. Mafundi wazima, watu wenye mama zao, wakacheka. Niliwatazama mmoja mmoja, nikazihifadhi sura zao.

Juma lile joto lilizidi. Mchana mmoja mama alibanwa vibaya, midomo ikageuka rangi. Tukamkimbiza hospitali mimi na wifi, tumemshika huku na huku. Walimwekea hewa, akarudi. Daktari alitutazama kama tumemtupa jalalani.

"Chumba anacholala kina ukungu?" akauliza.

Wifi akaitikia kwa kichwa.

"Kiwe baridi, kikavu, kisiwe na vumbi wala ukungu. Mkimrudisha kwenye hali ile ile, safari nyingine huenda msifike hapa."

Asubuhi iliyofuata nilipofika nyumbani nilimkuta wifi amevaa gauni lake zuri la kijani, lile la kutokea, amefunga kichwa, amepaka mafuta. Cherehani imefunikwa. Mama alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, chumba kinawaka.

"Unakwenda wapi umependeza hivyo?" mama akamuuliza.

"Karakana, Mama."

"Kufanya nini?"

Wifi hakujibu. Hakuwa na pini hata moja mdomoni, lakini hakujibu.

Mama akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. Kila neno alilipata kwa taabu. "Yule nimemzaa mimi. Sikumzaa ili apigiwe magoti. Vua."

"Mama, umesikia alichosema daktari."

"Nimesikia. Nawe umenisikia. Vua hilo gauni."

Mimi nilikuwa naangalia ukuta kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa maji, na sipendi kuonekana. Nilipogeuka, wifi alikuwa hamtazami mama wala mimi. Alikuwa anakitazama kiyoyozi. Alikitazama kwa namna ile anavyomtazama mteja aliyevaa nguo isiyomkaa, anatafuta tatizo liko wapi.

"Wifi," akaniambia, "umekuja na vitu vyako vya kazi?"

"Ninavyo kwenye mkoba."

"Chanuo unalo? Chupa ya kunyunyizia maji?"

"Ninavyo. Wifi, unataka kufanya nini?"

"Nimemshikia ngazi miaka yote ile. Unadhani nilikuwa nimefumba macho?"

Akaenda kuvua gauni la kijani. Alilitundika vizuri kwenye mlango wa kabati, akanyoosha mikono yake, akasema litavaliwa siku nyingine.

Tulimhamishia mama sebuleni, kwenye kiti cha mapumziko kando ya cherehani, tukampa pepeo la mkono ajipepee. Wifi akazima umeme kwenye swichi kuu, kisha akaweka stuli mbele yake na kuniambia nikimwona mtu yeyote anaisogelea nimng'ate. Akatandika plastiki kitandani. Akapanda juu ya meza, akafungua kifuniko cha mbele, akachomoa machujio yote mawili. Yalikuwa yamevaa vumbi zito, ungeweza kulikunja kama blanketi. Tuliyaloweka kwenye beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, tukayasugua kwa brashi laini, halafu tukayaegemeza ukutani kivulini. Mimi nilitaka kuyaanika juani yakauke haraka. "Yatapinda," alisema. "Utayarudisha vipi yakishapinda?"

Kisha akatafuta skrubu. Zilikuwa zimefichwa chini ya vizibo vidogo ambavyo mimi nisingeviona mpaka kiama. Akazitoa, akazipanga juu ya sumaku yake ya pini, akaondoa gamba zima. Upande wa waya akaufunga kwa mfuko wa plastiki, akaubana kwa vibanio vyangu vya nywele. Ndipo tukayaona mabati membamba yaliyosimama wima kama meno ya kitana. Mengine yalikuwa yamelala.

"Hapo ndipo kazi yako," akaniambia.

Basi mimi msusi nikasimama juu ya meza, nikakichana kiyoyozi. Juu kwenda chini, taratibu, kufuata meno, siyo kukata katikati. Nilinyunyiza maji, nikachana, nikapangusa. Wifi alisugua lile gurudumu la kupuliza upepo kwa mswaki wa zamani, kijiti kwa kijiti, uchafu mweusi ukimdondokea mikononi. Hakuna hata mmoja wetu aliyezungumza, isipokuwa mimi, niliyekuwa nikimtukana kaka kwa sauti ya chini.

Tukafika kwenye kile kisahani cha chini kinachokinga maji. Kilikuwa na ute. Tukautoa wote, tukakisafisha, wifi akamimina maji safi kujaribu. Yakajaa. Yakasimama pale pale, hayaendi kokote.

"Mpira umeziba," alisema. "Nyuma."

Tukachukua ngazi ya seremala, tukazunguka nyuma. Mashine ya nje ilikuwa imekabwa na vumbi la mbao. Tuliifuta kwanza kwa brashi, tukaimwagia maji polepole mpaka yakatoka meupe. Kando yake ndipo mpira wa kutolea maji unapoishia, juu ukutani, mtu hafiki bila ngazi. Wifi akaingiza kidole. Akaniomba kulabu yangu ya kusukia, ile ndefu. Akaizungusha mle ndani, akavuta. Hakikutoka. Akazungusha tena, akavuta kwa nguvu, na maji machafu yakaruka yakamwogesha mpaka kifuani. Kwenye ncha ya kulabu kulikuwa na kitu kimesokotwa kama kamba.

Akakikunjua. Kitambaa cha bluu. Pande zote pindo, uzi wa chungwa.

Kwanza sikuelewa. Niliona tambara tu. Lakini yeye alipitisha kidole gumba kwenye lile pindo, ukingo mpaka ukingo, kisha akarudia.

"Mshono wangu," alisema.

Ala! Ndipo ile siku ikanirudia. Ngazi nyuma ya nyumba. Kaka anashuka, anafuta mikono. Joto likiwabana. Mtu mzima, fundi mkubwa, alipanda kwenye ukuta wa chumba cha mama yake mzazi, mama mwenye pumu, akasukuma tambara ndani ya mpira ili maji yarudi yakamwagike kitandani kwake, ili mkewe aje kupiga magoti kwa ajili ya viatu. Nilimtukana matusi ambayo seremala aliacha kuranda mbao ili ayasikilize vizuri.

"Mmepata nini huko?" mama akauliza kutoka sebuleni. Pumu haijawahi kumharibu masikio.

"Uchafu tu, Mama," wifi akajibu.

"Uleteni niuone huo uchafu."

Wifi alinitazama. Mimi ningesema zamani. Yeye ndiye aliyetaka kumficha. Lakini mama hadanganywi mara mbili. Tukampelekea. Alikishika, akakigeuza, akakileta karibu na macho.

"Hiki nilikikata mimi," alisema. "Mkasi ulikuwa butu. Ona palivyopinda hapa."

Akakiweka mapajani, akakinyoosha kwa kiganja. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Machujio yalipokauka tulirudisha kila kitu. Wifi akaondoa stuli, akawasha swichi kuu. Kiyoyozi kikavuta pumzi, kikanguruma kidogo, kikatoa hewa baridi isiyo na harufu yoyote, na kule nyuma tukasikia maji yanadondoka chini, tone kwa tone, mahali pake. Mama alilala mchana ule mdomo ukiwa umefungwa, anapumua kwa pua. Mimi na wifi tulikaa sakafuni kwenye ile baridi, tumelowa, tunamsikiliza.

"Sasa nakwenda kumvua nguo hadharani," nikamwambia.

"Ngoja."

"Ningoje nini? Nakwenda saluni sasa hivi, kufikia jioni mji mzima—"

"Wifi, kikapu kilikuwa kimejaa."

"Kikapu gani?"

"Cha vile vitambaa. Nilivipiga pindo kikapu kizima, vikaisha, akataka vingine. Nikashona vingine, vikaisha. Kila mara anataka vingine." Alikuwa anajifuta mikono kidole kwa kidole. "Nilidhani vinachakaa."

Nikamtazama. Akanitazama. Nywele zilinisimama, na mimi ndiye ninayezijua nywele.

Nilikuwa na mteja, mama mwenye duka la dawa, ambaye kila akikaa kwenye kiti changu analalamika kiyoyozi chake kinavuja. Baridi anakuja, anakitengeneza, analipwa, kinakaa vizuri, halafu kinavuja tena. Alikuwa anamsifu kwa kuja haraka! Nikamkopesha kulabu yangu na kumweleza pa kuiingiza. Alirudi kabla sijamaliza kichwa nilichokuwa nakisuka, ameshika kitambaa cha bluu kwa ncha za vidole.

Baada ya hapo saluni ikageuka darasa. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa juu akapata chake. Mama mwenye nyumba za kupanga akapata zaidi ya kimoja, akaja anahema kwa hasira. Mmoja alikuta mjusi mkavu, akaja kuniuliza kwa masikitiko kama mjusi naye anahesabika. Niliwafundisha wote kama wifi alivyonifundisha: zima umeme kwanza, chujio kivulini, mabati yachane juu kwenda chini, mpira usiusahau. Na kila aliyepata kitambaa nilimwambia neno moja tu, nakiri lilinichoma kulisema: nyamaza kwanza. Kilete kwa wifi.

Wifi alivifua. Akavipiga pasi. Kisha akakaa kwenye cherehani, akajaza pini mdomoni, na sijawahi kumwona na pini nyingi kiasi kile. Siku nzima aliunganisha. Mama alikaa kando yake, hana kikohozi, anampasia vipande. Sikuuliza wanashona nini mpaka nilipoona kola.

Siku iliyofuata wifi akavaa gauni la kijani. Akafunga kichwa, akapaka mafuta. Mama alimtazama toka juu mpaka chini.

"Sasa umependeza," alisema. "Nenda."

Tulikwenda wengi. Mama wa duka la dawa alifunga duka. Mwalimu mstaafu alikuja na mwavuli. Hata wa mjusi alikuja. Kaka alikuwa kwenye kiti chake cha kuzunguka, na wenzake wapo wote, wale wale niliozihifadhi sura zao. Alipomwona wifi ameingia mbele na lile gauni, tabasamu likamjaa usoni.

"Umesema nije mbele ya hawa," wifi akamwambia. "Nimekuja. Naomba radhi kwa viatu."

Kaka akageuka kwa wenzake, mikono wazi, kama mtu aliyeshinda kura.

"Na ovaroli yako hii hapa," wifi akaendelea. "Uliisahau kwenye nyumba za watu."

Akaitoa kwenye mfuko aliokuja nao, akaikung'uta, akaitundika kwenye nondo za mlango wa karakana. Haikuwa nzima, vitambaa vilitosha kifua, kola na mkono mmoja. Kila kipande na pindo lake la chungwa, na juu ya kila kipande, kwa chaki ya kushonea, ameandika kilikotoka. Duka la dawa. Kwa mwalimu. Nyumba za kupanga, chini. Nyumba za kupanga, juu. Mafundi wakasogea. Mmoja akaanza kusoma kwa sauti, kwanza kwa utani, kisha utani ukamwisha. Alipofika upande wa kushoto, pale mfuko wa kalamu unapokaa, alinyamaza.

"Soma," nikamwambia. "Si ulicheka? Soma."

Akasoma. "Chumbani kwa mama yake."

Kaka alifungua mdomo. Niliusubiri huo mdomo kwa hamu, nilikuwa na majibu ya kila kitu. Akaufunga tena. Wanawake walimtazama tu, na mwalimu mstaafu, aliyemfundisha kusoma akiwa mdogo, alikunja mwavuli wake, akamwambia asithubutu tena kukanyaga kwake. Fundi mzee kuliko wote akatoa kofia kichwani.

"Shemeji," akamwambia wifi, "kiyoyozi cha mama kikisumbua, niite mimi. Sihitaji ruhusa ya mtu."

"Hakitasumbua," wifi akajibu, na tukaondoka.

Sitasema uongo kwamba nilimhurumia. Nilifurahi. Nilifurahi simu yake ilipoacha kulia, nilifurahi wenzake walipohama mmoja mmoja wakafungua karakana yao ng'ambo ya barabara, anawaona akiwa kwenye kile kiti. Nilipokuwa nasuka nilikuwa naimba. Nimesema nina mdomo.

Akaja nyumbani mchana mmoja wa jua kali. Hakuja na gari, alikuja kwa miguu, mkoba wa vifaa begani, shati limemganda mgongoni. Wifi alikuwa kwenye cherehani. Alimwona anapita sebuleni, akachukua pini moja kwenye sumaku, akaiweka mdomoni, akaendelea kushona. Mimi nilikuwa chumbani kwa mama, namsuka. Kaka akafungua mlango, akasimama kizingitini. Ile baridi ilimpiga usoni, nikaona macho yake yanafumba kidogo kwa raha.

"Mama, nimekuja kukiangalia kiyoyozi."

"Kizima," mama akasema. "Kinasafishwa na mkwe wangu."

"Basi nimekuja kukuona wewe."

Mama hakugeuza kichwa. Nilikuwa nimekishika, nipo katikati ya mstari. Nilisikia tu pumzi yake inaingia na kutoka, vizuri, bila kukwama.

"Mlango, mwanangu," alimwambia. "Baridi inatoka."

Kaka akasema, "Samahani, Mama," akaingia hatua moja ndani, akaugeukia mlango aufunge.

"Siyo hivyo," mama akasema. "Ufunge ukiwa nje."

Alisimama hapo, mkono kwenye kitasa. Kisha akarudi nyuma, akauvuta mlango taratibu mpaka ukabana. Tulimsikia bado yuko kule upande wa pili, mkoba wake unakwaruza ukuta. Mama akajifunika shali mabegani.

"Binti," akaniambia, "hebu ongeza baridi kidogo."